Nimemaliza albamu 20 za 'mabingwa', sasa zamu yangu kusema

Mimi wa Manyoni ni mzima, ila masikio yamechoka ile mbaya. Kisa ni binamu yangu, mwanachuo wa Dar, ambaye siku hizi akija likizo haongei, anahutubia. Ati sisi wa mikoani hatujui muziki, tunajua nyimbo tu. Ati wimbo ukikuchosha unauruka, lakini muziki unaukalia kitako tangu mwanzo wa albamu hadi mwisho. Akaniachia memori kadi yenye albamu 20 ambazo "dunia nzima inazikubali", akasema nikishindwa kuzimaliza nisithubutu kuandika gazetini habari za muziki.

Ebo! Mimi mwenye cheti changu cha kidato cha nne, ninayelipwa kwa makala, naambiwa nisithubutu? Nikaipokea kadi.

Tatizo lilikuwa pa kusikilizia. Simu yangu spika yake inakoroma kama mzee mwenye mafua. Sabufa tuliyonayo iko kwenye mgahawa wa mama, pale karibu na barabara kuu ya Dodoma kwenda Singida, wanaposimama madereva wa malori ya Rwanda, Burundi na Kongo. Mama akakubali, ila kwa sharti moja: mteja akiondoka kwa sababu ya kelele zangu, sahani yake nalipa mimi. Si unamjua mama wa Kigogo na hesabu zake.

Nikaanza na Thriller ya Michael Jackson, ya mwaka 1982, maana nilijua haina hasara. Nyimbo 9 tu, na 7 kati ya hizo zilitolewa kama singo. Hapo nina la kusema? Hata mpishi wetu aligeuza chapati kwa mdundo. Beatles na ile Sgt. Pepper yao ya mwaka 1967 niliimaliza nikiwa naosha vyombo. Samahani kwa wapenzi wao, vyombo viling'aa, mimi sikudata.

Balaa lilikuja na Kind of Blue ya Miles Davis. Huyu bwana mwaka 1959 aliingia studio New York na wenzake, wakarekodi kwa siku mbili tu, basi, kazi ikaisha. Vipande 5, hakuna anayeimba. Tarumbeta linaongea, piano inajibu, saksafoni inaingilia mazungumzo. Dakika ya kumi dereva mmoja akaniuliza kwa upole, "Dada, kwani mwimbaji amechelewa?" Mwingine akadai ni muziki wa hotelini, kwa hiyo bei ya supu itapanda. Wawili wakahamia kwa jirani. Sahani mbili hizo, msomaji, nimezilipa.

Lakini niseme ukweli, usiku tulipofunga niliirudia peke yangu, na hapo nikaielewa. Albamu ile ni kama mlenda. Mgeni akiutazama anaona unateleza tu, hauna mbele wala nyuma. Mwenyeji anajua unakwenda na nini, na kwa mwendo gani. Sasa hivi nikiwa na mawazo naiweka hiyo. Mchana mbele ya wateja, hapana, sina hela ya kuchezea.

Fela Kuti wa Nigeria alinirudishia mtaji. Zombie ni nyimbo mbili tu, moja upande huu, nyingine upande ule, kila moja inapita dakika 12. Wateja wanaingoja iishe, haiishi, wanaagiza chai nyingine! Mama akauliza huyu ni nani, aje kila siku. Nilipomsimulia habari yake akanyamaza. Ule wimbo unawadhihaki wanajeshi wanaotii amri bila kufikiri, na mwaka 1977 wanajeshi kweli wakaja wakaivamia na kuichoma nyumba yake Lagos. Mama yake mzazi alirushwa dirishani, na mwaka uliofuata akafariki. Kwa wimbo! Na sisi tunabishana nani kamchana nani instagramu.

Exodus ya Bob Marley niliifahamu bila kuifahamu. Nyimbo zake karibu zote nimezisikia kwenye mabasi, moja hapa, moja pale. Nilipozisikiliza kwa mpangilio wake ndipo nikaona mchezo. Huyu mtu Desemba 1976 alipigwa risasi nyumbani kwake Kingston, akaenda London, akarekodi albamu hii iliyotoka mwaka 1977. Nyimbo 5 za kwanza ni hasira na mahubiri, hakuna kutabasamu. Nyimbo 5 za upande wa pili ni mapenzi, starehe na kumwambia mwenzako asiwe na wasiwasi. Ukiufungua upande wa pili peke yake unadhani ni mtu wa raha zake tu. Ukitangulia wa kwanza, ile faraja inakuwa na uzito mwingine kabisa. Hapo binamu nampa maksi zake. Jarida la Time la Marekani mwaka 1999 liliitangaza Exodus kuwa albamu bora ya karne. Karne nzima! Sijui walisikiliza ngapi za Kiswahili kabla ya kuamua.

Na hapo ndipo nilipoanza kuichunguza ile kadi kwa jicho la pembeni. Kwa Afrika alikuwemo Fela, na Franco wa Kongo na Mario yake ya mwaka 1985, ile ya kijana anayelelewa na mama mwenye pesa. Madereva wa Kongo waliimba yote, mmoja akagoma kuondoka hadi mwisho, tingo wake akawa anapiga honi nje. Kwa Tanzania alikuwemo mmoja tu, Profesa Jay na Machozi, Jasho na Damu ya mwaka 2001. Bomba, sibishi. Wimbo wa Ndio Mzee, wa mwanasiasa anayeahidi hata visivyowezekana, bado unachekesha mgahawa mzima. Na utamu wa habari ni kwamba mwimbaji mwenyewe baadaye alikaa bungeni, mbunge wa Mikumi, 2015 hadi 2020.

Lakini basi? Remmy Ongala yuko wapi? Yule mzaliwa wa Kindu, Kongo, aliyefanya Dar kuwa kwake hadi kituo cha daladala kikaitwa Sinza kwa Remmy, aliyefariki Desemba 2010. Songs for the Poor Man ilitoka mwaka 1989 kwa Real World, kampuni ya Mwingereza Peter Gabriel. Jina la Kiingereza, lakini lugha ni yetu na shida ni zetu. Nikaitafuta kwa bando langu mwenyewe. Na katika kuitafuta nikakutana na kitu kilichonisimamisha: kampuni ile ile, mwaka 1996, ilitoa albamu iitwayo Chibite. Sasa hilo ni neno la nyumbani! Kwa Kigogo ni "twende".

Mwenyewe ni Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kufariki Desemba 2003. Kwenye Chibite yuko na Charles Zawose, mtoto wa ndugu yake. Zeze, malimba, na ile sauti inayoshuka chini kama ngoma halafu inapanda kama ya mtoto.

Nikaiweka mgahawani saa ya chakula cha mchana. Kijana mmoja wa bodaboda akapiga ukelele, "Dada, toa ushamba huo, tuwekee ngoma!" Meza nzima ikacheka. Mimi nikaongeza sauti. Nilikuwa nimewawekea Waingereza, nikawawekea Wamarekani, hakuna aliyesema ushamba. Mwanamume wa kwetu amesikilizwa Ulaya na watu wasiojua hata Manyoni iko upande gani, halafu hapa, Ugogo kwenyewe, ndiyo aibu?

Bibi yangu hukaa chumba cha nyuma. Macho yamekwisha, na siku hizi hazungumzi sana. Mama huniambia nisimchoshe. Nikasikia fimbo yake ukutani. Akatoka mwenyewe, bila kushikwa, akauliza, "Nani amekuja na zeze?" Nikamwambia ni redio, bibi. Hakuniamini. Akataka kujua mpigaji ni mtoto wa nani. Akakaa kwenye benchi, katikati ya madereva, akaanza kuitikia chini chini, mahali pale pale panapotakiwa kuitikiwa. Kisha akatukosoa: ati huyu anaimba vizuri lakini wanaoitikia ni wachache mno, wimbo wa namna hii unataka kijiji.

Yule wa bodaboda alimaliza ugali wake kimya. Wakati wa kulipa akauliza ile albamu inaitwaje, nikamtajia, akatumiwa kwenye simu bure.

Binamu nimemwandikia kwamba albamu zake nimezimaliza zote 20, na orodha yake ina mapengo mawili. Amejibu kwamba atasikiliza "akipata muda". Kadi yake hatairudishiwa kwa sasa. Bibi ameamuru iwekwe kwenye redio ndogo karibu na mto wake, na kila jioni mimi na mama tunaitwa chumbani kuitikia, kwa kuwa ati wawili ni afadhali kuliko hakuna. Mgahawani nimebaki na flashi ya zamani yenye nyimbo za harusi, na mama ameanza kumuulizia Fela.