Boga la Darini

Mji Mkongwe wa Unguja, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, una milango ya nakshi, una mabaraza, una vichochoro vya kumpoteza mgeni. Ila konde hauna. Hata pa kufukia mbegu ni pa kutafuta.

Hilo bibi mmoja wa Kipemba alilitambua siku ile alipopandishwa ngazi kwenda kukaa na mwanawe, ghorofa ya tatu. Shamba la marehemu mumewe lilikwisha kugawiwa warithi, na thumuni yake yeye ikauzwa. Alichokuja nacho ni fundo katika pembe ya kanga, na ndani ya fundo mbegu saba za boga. Alizirithi kwa mamaye, naye mamaye kwa mamaye. Kila masika zilipandwa, maana mbegu nayo huzeeka, na joto na unyevu wa pwani huuharakisha uzee wake.

Mwanawe alicheka. "Mama, boga hutaka konde. Hapa litatambaa wapi?"

Hakumjibu. Aliagiza pipa la plastiki, akalikatisha nusu, akalitoboa chini kwa msumari wa moto ili maji yasituame, akalijaza udongo na samadi iliyokwisha kuoza. Akafukia mbegu zote saba. Ikachipua moja.

Mche ukaparamia kamba alizozifunga kwenye mbao za roshani. Asubuhi na alasiri aliupandishia ndoo ya maji, kwani udongo wa chomboni hukauka upesi, hauna pa kuazima maji kama udongo wa shamba. Maua dume yakatangulia. Yakafuata ya kike, kila moja na kiboga chake shingoni. Lakini viboga hivyo vikanyauka na kudondoka, kimoja baada ya kimoja. Nyuki hawakupanda kule juu.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ua la boga hufunguka alfajiri, na adhuhuri limekwisha kufumba. Basi siku moja, baada ya sala ya alfajiri, Bibi aliinama, akachuma ua dume, akalivua petali zake za manjano, akaipaka chavua yake katikati ya ua la kike, huku akinong'ona bismillahi. Mwanawe alisimama mlangoni akimtazama, asiseme neno.

Kiboga kile hakikudondoka. Kilipoanza kuielemea kamba, ni mwanawe aliyeleta kipande cha wavu wa kuvulia, akakifungia chini yake.

Boga lilipikwa kwa nazi, likawa futari ya Ramadhani. Mbegu alizianika mwanawe katika ungo, akazihesabu, akaacha alipopita mia mbili. Bibi alitwaa saba, akazifunga katika pembe ya kanga. Zilizosalia aliwapelekea majirani wenye roshani, nyumba kwa nyumba. Thumuni ya shamba iliuzwa. Mbegu hizi aligawa mwenyewe.