Muda si Saa

Sisi wa Palma, kusini mwa mto Ruvuma, tumezoea kuishi na saa mbili. Darasani, kwa Kireno, ni saa tisa. Nyumbani, kwa Kiswahili, ni saa tatu asubuhi. Ukivuka kwenda Mtwara, saa ya ukutani iko mbele kwa saa nzima. Lakini ngano ya dakika arobaini ni ya dakika arobaini kote huko. Saa ya ukutani ni jambo moja, muda ni jambo jingine.

Tofauti hiyo nimeiona wazi zaidi kwenye kanzidata. Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, watu walitawanyika, wengi wakakimbilia Pemba. Tangu hapo ninarekodi wazee wetu kwa simu: ngano, vitendawili, majina ya pepo na samaki, kwa Kimakwe, Kimwani na Kiswahili. Urefu wa kila rekodi nauandika kwa sekunde tupu, kwa sababu sekunde hujumlishika bila taabu. Shida huja pale mtu anapouliza: mna saa ngapi za Kimakwe?

Tuchukue jumla ya sekunde 100,000. Katika SQLite ipo njia ya mkato: kuzipitisha kwenye amri ya wakati. Nilipoijaribu, ilijibu 03:46:40. Amri hiyo huhesabu sekunde kuanzia usiku wa manane wa tarehe 1 Januari 1970, kisha huonyesha saa ya ukutani peke yake. Saa 24 zimevuka kwenda siku ya pili, nayo siku haionyeshwi. Sauti za wazee za siku nzima zimetoweka kwenye hesabu, wala hakuna onyo.

Njia salama ni hesabu ya shule ya msingi. Gawanya 100,000 kwa 3,600: unapata saa 27, baki 2,800. Gawanya baki kwa 60: dakika 46, baki sekunde 40. Jibu ni 27:46:40.

Wenzangu wanaokusanya lugha wasidhani haya ni ya mafundi wa kompyuta. Lugha yenye rekodi chache haina saa 24 za kupoteza. Tuhifadhi sekunde, tugawanye wenyewe, na tunapoandika "saa tatu" tuseme kama ni wakati au ni muda.