Jiko la mkaa na swali la mjomba

Najua nimepotea karibu wiki tatu, lakini si mnajua tena semista ikifika katikati, kazi za makundi zinafuatana kama daladala asubuhi. Leo naandika kuhusu kozi moja ambayo wengi tuliichukua kwa kuwa ratiba yake haigongani na nyingine, ila sasa ndo inaninyima usingizi: ubunifu wa bidhaa endelevu.

Msishangae mwalimu mtarajiwa kusoma mambo haya. Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa Januari 2024 una mkondo wa amali huko sekondari, kwa hiyo sisi tutakaoshika chaki tutatakiwa kujua kitu kinatengenezwaje, siyo kukichora ubaoni tu. Na wala si wazo geni. Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere, mwaka 1967, ilitaka shule ifanane na maisha ya watu wanaoizunguka.

Sasa bidhaa endelevu ni nini? Kwa lugha ya kitaa, ni kitu ambacho aliyekibuni alikifikiria maisha yake yote: malighafi inatoka wapi, nani anakitengeneza, kinatumia nini kila siku, kikiharibika nani anakirekebisha, na kikifa kinakwenda wapi. Chukua katambuga. Tairi limechoka, fundi analikata, watu wanavaa miaka. Hakuna aliyemfundisha yule fundi neno "endelevu".

Kundi letu la watu watano lilichagua jiko la mkaa, kwa sababu kila mmoja wetu amekula chakula chake. Tukaanza na jiko la bati tupu. Bati linapitisha joto haraka, kwa hiyo sehemu kubwa ya moto inapotelea pembeni badala ya kwenda kwenye sufuria. Ndo maana ukikaa karibu nalo miguu inaungua wakati maharage bado magumu.

Kisha tukasoma habari za jiko la udongo na bati la Kenya, lililotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wazo lilitoka Thailand, ambako kulikuwa na majiko ya umbo la ndoo yenye udongo ndani. Wakenya hawakulibeba kama lilivyo. Walilipa kiuno chembamba, juu pana na chini pana, ili lisimame imara mtu anaposonga ugali. Udongo ukawekwa sehemu ya juu tu, pale moto ulipo. Na kwa kuwa udongo na bati havitanuki sawasawa vikipata joto, katikati wakaweka saruji iliyochanganywa na madini mepesi yaitwayo vemikulaiti, ili udongo ushike vizuri na joto lisikimbie. Linatajwa kuokoa takriban asilimia 30 hadi 50 ya mkaa ukilinganisha na la bati tupu.

Lakini kilichonigusa zaidi ni kwamba mafundi wa Shauri Moyo, Nairobi, waliweza kulitengeneza kwa nyundo na vyuma chakavu vilevile walivyokuwa navyo. Hawakusubiri mashine. Mfinyanzi akapata kazi, fundi bati akapata kazi. Hapa kwetu pia majiko banifu yapo siku nyingi, na shirika la TaTEDO, lililoanzishwa mwaka 1990, limefundisha mafundi wengi kuyatengeneza.

Basi bwana, tukaona tumemaliza nusu ya kazi. Mhadhiri akasema twende tukaongee na watu watatu wanaoguswa na jiko: anayelitumia, anayelitengeneza, na mmoja wa kuchagua wenyewe. Mi nikawaambia wenzangu twende kwetu Mbwawa, pale Kibaha ukiwa unaelekea upande wa Kisarawe. Huyo wa tatu ninaye nyumbani. Mjomba wangu anachoma mkaa.

Tulimkuta anakagua tanuru. Kwa wasiojua: magogo yanapangwa, yanafunikwa majani, juu udongo, halafu moto unawashwa huku hewa inabanwa ili kuni ziive bila kuteketea. Tanuru la kienyeji linakula kuni nyingi, kilo 100 zinaweza kukupa mkaa kilo 10 hadi 20 tu. Udongo ukipasuka usiku usiamke kuuziba, asubuhi una majivu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Hao wenzio wa chuo?"

Tukamweleza jiko letu, tukamwonyesha na mchoro. Aliuangalia kwa makini, akauliza udongo tutachimba wapi, akasema wa bondeni utapasuka usipochanganywa na mchanga. Kisha akauliza, taratibu kabisa, bila hasira: "Sasa watu wakinunua nusu ya mkaa, hiyo nusu yangu nyingine nani ataila?"

Kimya. Niseme tu kwamba sehemu ya ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye magunia yale. Kalamu ninayoandikia kwamba mkaa unamaliza misitu, mkaa ndo umeinunua.

Mwenzetu mmoja akamtajia tanuru la Casamance, la kule Senegal, lenye bomba la moshi lililounganishwa kwa mapipa, linalotoa mkaa mwingi zaidi kwa kuni zilezile. Mjomba akauliza bei ya mapipa na uzito wake. Yeye anahama kufuata kuni zilipo, nani atabeba? Kwa maneno mengine, bidhaa nzuri kwenye slaidi, lakini haijamfikiria mtu anayetembea kwa miguu.

Tulivyorudi chuo kundi likagawanyika. Mmoja akasema habari za mjomba ni sosholojia, tusijaze kurasa. Mwingine akasema hata jiko lenyewe halina maana, kwa sababu Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Hoja nzito hiyo, na mi naunga mkono lengo, moshi wa jikoni hauna rafiki. Ila mama lishe anapata hela kila siku na ananunua mkaa kwa sado. Mtungi wa gesi unataka hela nyingi kwa mkupuo. Namna mtu anavyolipa nayo ni sehemu ya ubunifu, sawa na udongo na bati.

Mwisho tulikubaliana hivi. Mchoro wetu una kipande cha udongo kinachochomoka, kwa sababu mara nyingi hicho ndo kinaanza kupasuka wakati bati bado zima. Mteja ananunua udongo tu, fundi anapata kazi ndogo ndogo mwaka mzima. Na kwenye jedwali la maisha ya jiko tumeongeza safu moja ambayo haikuwa kwenye maelekezo: "Nani anapoteza, na tunamwambia nini?" Kwenye safu hiyo tumeandika ukweli, kwamba kwa mchoma mkaa hatuna jibu kamili. Jiko peke yake haliwezi kumlipa. Linahitaji kwenda pamoja na kazi nyingine anayoiweza, na kazi hiyo achague yeye, siyo sisi wa chuo.

Hiki ndo ninachokibeba kwenda nacho darasani. Siku nikiwapa wanafunzi wangu kazi ya kutengeneza kitu kisichoharibu mazingira, sitaanza na chupa za plastiki na gundi. Nitawaambia waende nyumbani wakaulize nani anaishi kwa hicho kitu cha zamani. Msitu wa Kisarawe ni wetu, na mjomba ni wetu. Anayebuni akimwona mmoja tu, kazi yake bado.

Haya wadau, kwenu mnapikia nini, na mkaa unatoka kwa nani? Tupeni mawazo, kazi inakusanywa Ijumaa. Na bumu likitoka mnishtue.