Msosi wa Zama za Mawe ndani ya geto la Msamvu

Najua nimepotea humu karibu mwezi mzima, na wengine mmeanza kuulizana kama nimedisko, teh teh teh. Hapana jamani, nipo. Ni test zimefuatana, na kazi za vikundi ambazo kama kawaida vikundi vina watu wanane na wanaofanya ni wawili. Leo lakini sitaki kuongelea chuo. Nataka kuongelea msosi.

Chanzo ni rumeti wangu. Siku moja karudi na karatasi kaibandika ukutani juu ya jiko, imeandikwa HAKUNA UGALI, HAKUNA WALI, HAKUNA MAHARAGE. Nikamuuliza, sasa kuna nini? Akanijibu, paleo.

Kwa ambao hamjakutana nayo, paleo ni ulaji unaosema tule kama watu walivyokula kabla ya kilimo. Yaani nyama, samaki, mayai, mboga za majani, matunda, mizizi na asali kidogo. Vilivyopigwa stop ni nafaka zote, jamii yote ya kunde (hadi karanga!), maziwa, sukari na vitu vya viwandani. Wazo lenyewe ni la zamani kidogo. Mwaka 1975 daktari mmoja wa Marekani, Walter Voegtlin, alitoa kitabu juu yake, mwaka 1985 Boyd Eaton na Melvin Konner wakaliandika kwenye jarida la kitabibu, halafu mwaka 2002 Loren Cordain akatoa kitabu kiitwacho The Paleo Diet, na hapo ndipo jina likashika dunia nzima.

Sasa mimi nasomea ualimu na somo langu la kufundishia ni Historia. Paleo ni Zama za Mawe za Kale, zile zile nilizowafundisha watoto wa kidato cha kwanza kwenye BTP mpaka sauti ikakauka. Kwa hiyo karatasi ya rumeti niliiangalia kwa jicho la kikazi kabisa.

Na ukiiangalia kwa jicho hilo inachekesha. Huyu Zinjanthropus wetu, fuvu alilolipata Mary Leakey pale Olduvai mwaka 1959, kila mtu aliyesoma Tanzania anamjua. Mwaka 2011 watafiti walipima meno ya jamii yake yaliyopatikana Kenya, wakakuta sehemu kubwa ya chakula chao ilikuwa majani ya jamii ya nyasi. Nyasi wadau! Sawa, huyo siyo babu yetu wa moja kwa moja, ni tawi la pembeni lililokatika. Basi njoo kwa watu kama sisi. Mwaka 2009 Julio Mercader aliandika kuhusu pango la Ngalue, upande wa Msumbiji, ambako zana za mawe zenye umri wa zaidi ya miaka 100,000 zilikutwa na mabaki ya mtama. Wapo wanaobisha kama kweli uliliwa, lakini ule ukuta kati ya mtu wa mawe na nafaka siyo mnene kama karatasi ya rumeti ilivyodai.

Halafu angalia soko letu. Muhogo na kiazi kitamu vimetoka Amerika, sawasawa na mahindi. Ndizi na magimbi asili yake Asia. Mtu wa Olduvai angeletwa leo hapa stendi ya Msamvu asingejua hata ndizi inamenywaje. Angetambua labda ubuyu, ukwaju, asali na nyama ya kuchoma.

Na hatuna haja ya kumfufua, maana Wahadzabe wapo pale Ziwa Eyasi, na baadhi yao hadi leo wanaishi kwa kuwinda na kuokota. Wanachokula kimeandikwa sana: nyama, ubuyu, matunda madogo ya porini, mizizi inayochimbwa na akina mama, na asali. Asali siyo ile ya kijiko kwenye chai, ni chakula chenyewe, na kuna ndege anaitwa mlembe anayewaongoza mpaka kwenye mzinga. Baadhi ya hiyo mizizi ina nyuzi kiasi kwamba unatafuna, unameza utamu, unatema makapi. Na kuipata unatembea na kuchimba nusu siku. Sisi tunapanda bodaboda kutoka getini mpaka kwa mangi.

Pamoja na kucheka kote huko, karatasi sikuibandua. Sababu ni mama.

Mama anaishi Matombo, na ana sukari kwa miaka sasa. Kila mara anashuka mjini kwa ajili ya kliniki, analala kwangu, rumeti anahamia kwa shoga yake. Safari hii alikuja na ujumbe wa sauti kwenye simu, mtu wa kwenye kikoba chao kamrushia. Mzee mmoja anaongea kwa kujiamini kweli, anasema acha nafaka, rudi kwenye chakula cha mababu, na vidonge vyote katupe chooni. Nimesalimia shikamoo, sijamaliza hata kumpokea mzigo, mama ananiambia:

"Mwanangu, wewe si umesoma? Huyu mzee anasema kweli. Vidonge vya nini mtu akila vizuri?"

Nikamwambia, "Mama, chakula cha mababu nitakupikia kila siku utakayokaa hapa. Ila vidonge tusiviguse mpaka tumuulize nesi."

Alinyamaza. Mnajua mama akinyamaza. Usiku nikamuona anavihesabu vidonge kwenye bahasha, anavirudisha, anavihesabu tena. Nikalala jicho moja wazi.

Kesho yake tukaenda. Nesi aliyetupokea alikuwa mtu mzima, mvumilivu, akasikiliza ule ujumbe mpaka mwisho. Kisha akamwambia mama maneno ambayo natamani yangerushwa kwenye hicho kikoba. Kwamba kupunguza wanga siyo wazo baya. Kwamba anayepunguza dawa ni daktari kwa kuangalia vipimo, siyo mgonjwa kwa kuangalia simu. Na kwamba vidonge vingine, kama glibenclamide anayokunywa mama, vinashusha sukari uwe umekula au hujala, kwa hiyo ukikata wanga ghafla au ukiruka mlo sukari inaweza kushuka mno: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kuzimia. "Punguza taratibu, pima, njoo na majibu." Akaongeza kwamba ndizi na magimbi nayo ni wanga, asidhani kwa sababu si ugali basi ajaze sinia.

Mama akauliza, "Kwa hiyo mababu nao hawakujua kitu?"

Nesi akacheka. "Mababu walikuwa wanapanda mlima kwa miguu, mama."

Mama wa Matombo kuambiwa habari ya kupanda mlima! Hakujibu, lakini njiani alicheka mwenyewe.

Basi bwana, siku kumi tukapika. Nina plate moja ya gesi, sufuria mbili, kikaango, na mbuzi ya nazi aliyoniletea mama mwaka wa kwanza. Bajeti ni bumu, ile 10,000 kwa siku tuliyoongezewa mwaka 2022 kutoka 8,500, na humo humo kodi ya chumba imejificha. Hapa ndipo paleo inapomuuma mwanafunzi. Bila maharage, shibe inatoka kwenye nyama na samaki, na buchani hawajui habari za bumu. Kwa hiyo mimi nanunua vile ambavyo wengine wanaviruka: mifupa ya supu, firigisi, maini, utumbo, dagaa. Perege nawasubiri jioni muuzaji anapotaka kwenda nyumbani. Mayai ni mkombozi, na kama uko mbio, yale ya kuchemsha ya stendi na kachumbari yake ni paleo tupu bila muuzaji kujua.

Kilichofana kuliko vyote ni mtori. Wachaga mnisamehe, najua ni wenu. Chemsha nusu kilo ya nyama yenye mifupa na tangawizi, kitunguu na chumvi kidogo mpaka nyama ilegee. Menya ndizi za kupika sita au saba, zitupe kwenye ile supu pamoja na karoti na nyanya. Zikiiva toa nyama pembeni, ponda ndizi kwa mwiko mpaka uji uwe mzito, rudisha nyama ukiichambua. Mimi naweka kikombe cha tui mwishoni. Mama alionja, akasema tui limeingia mapema, na akaninyang'anya mwiko. Wa siku ya pili ulikuwa mtamu zaidi, nakiri.

Bakuli la mama lilikuwa dogo na pembeni lina mlima wa matembele. Hiyo ndiyo hesabu tuliyokubaliana naye: nusu ya sahani majani, robo samaki au nyama au mayai, robo iliyobaki ndizi au gimbi moja. Magimbi yana kazi yake. Paka mafuta mikononi kabla ya kumenya la sivyo utajikuna mpaka usiku, na yachemshe mpaka yaive sawasawa, gimbi bichi linawasha koo. Siku ya perege tuliwachoma kwenye jiko la mkaa la jirani, wamepakwa ndimu, vitunguu saumu na pilipili, pembeni mchicha wa nazi na nusu parachichi. Hiyo sahani ukimwekea mtu hawezi kuuliza ugali uko wapi. Rumeti alikuja siku hiyo akala, hakuuliza.

Kwenye maharage ndipo nilipoasi rasmi. Mama anakuna nazi, miguu kaipanga pembeni ya mbuzi, anasimulia utoto wao kule mlimani. Nikamuuliza walikuwa wanakula nyama mara ngapi. Akanitazama kama nimeuliza kitu cha ajabu. "Nyama? Sikukuu, au mtu kafa." Kumbe chakula chenyewe cha mababu wa mama kilikuwa magimbi, ndizi, mboga za kuchuma na maharage. Nyama kila siku ni ya mababu wa nani sasa? Tena maharage yanapandisha sukari taratibu kuliko ugali, hata nesi hakuyakataza. Kwa hiyo bakuli dogo la maharage lilirudi mezani siku tatu kwa wiki, na karatasi ya ukutani nikaifuta neno hilo kwa kalamu. Cordain atatusamehe, na bumu limepumua.

Haya, tuje kwenye vitamutamu, maana najua wengine mmeruka huko juu mmekuja hapa moja kwa moja. Kuna vichapati vya ndizi: ponda ndizi mbivu mbili, piga mayai mawili, changanya na nazi iliyokunwa kiganja kimoja na mdalasini. Mdalasini wa Uluguru upo tele sokoni, nunua magome usage mwenyewe, unga wa pakiti hauna harufu. Choma vidogo vidogo kwenye kikaango chenye mafuta kidogo, moto mdogo, ukigeuza haraka vinapasuka. Chai ya asubuhi bila andazi inawezekana kabisa. Kuna mzuzu wa tui, ndizi zilizoiva zinachemka kwenye tui zito na iliki mpaka tui lishikane. Na kuna ubuyu: loweka unga wake kwenye maji ya vuguvugu, chuja, ongeza asali kijiko kimoja, weka kwenye friji la mwenye nyumba kama mnaelewana. Kashata ya nazi nilijaribu kwa asali badala ya sukari, ina ladha nzuri ila haigandi, inaliwa kwa kijiko. Rumeti aliimaliza kabla sijaamua niiite nini.

Hivi vyote ni vya kwangu na rumeti. Ndizi mbivu na asali vinapandisha sukari vizuri tu hata kama mtu wa mawe alivipenda, kwa hiyo mama alipata ubuyu usio na asali na korosho chache. Alilalamika siku ya kwanza. Siku ya nne akaanza kuomba ubuyu mwenyewe.

Siku ya kumi tulirudi kupima. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula kilikuwa 8.4, aliposhuka mjini kilikuwa 11. Nesi akasema ni mwanzo mzuri, dawa zibaki vilevile, arudi baada ya mwezi. Mama akauliza kama anaweza kupunguza hata kimoja. Nesi akatikisa kichwa. Mama akavitia vidonge kwenye mkoba, safari hii bila kuvihesabu.

Jana nimempandisha gari la Matombo na kopo la ubuyu na korosho nusu kilo. Jioni kapiga simu kusema kafika, na kwamba ule ujumbe wa yule mzee kaufuta, ila kabla ya kuufuta kawaambia wenzake wa kikoba alichosema nesi. Mmoja kakasirika katoka kwenye grupu. Nilimuuliza kala nini, akasema mlenda, gimbi moja na dagaa.

Mimi gesi inakaribia kuisha na test ya Saikolojia ni Jumatatu. Anayejua bucha lenye mifupa ya supu bei nafuu upande wa Kihonda aniandikie hapo chini.