Muhanzi, pale moteri zinapozeekea

Wiki hii tulishuka hadi bandari ya Muhanzi, pale mitumbwi ya Idjwi na Kalehe inaposhusha mananasi, ndizi na makala. Nauli imepanda tena, na wenye mitumbwi wanatuambia: ni piese. Kwa hili tunawaamini.

Moteri nyingi zilinunuliwa zikiwa zimekwisha kutumika. Piese hazitengenezwi kwetu. Zinatoka ngambo, zinapita Mombasa ao Dar es Salaam, na kila mpaka unaongeza bei yake.

Fundi mmoja alituonyesha kampira kadogo, kama ua, kanakokaa ndani ya pompi. Kazi yake ni kuvuta maji ya ziwa ili moteri isichemke. Kapya kanalipwa kwa dola, basi wengine wanachonga kengine katika mpira wa gurudumu. Hako kanaweza kukatika katikati ya safari. Moteri inachemka, inazimika, na mtumbwi uliojaa watu na mizigo unabaki kusukumwa na upepo juu ya ziwa lenye kina cha zaidi ya metre 450.

(Wavuvi wa sambaza, na mitumbwi yao mitatu iliyofungwa pamoja, wangali wanapiga kasia. Piese haziwasumbui!)

Kabla ya safari, moteri ikiwashwa, tutazame nyuma yake: kamchirizi ka maji kanapaswa kuruka. Kakikosa, tuteremshe watoto kwanza, ndipo tuulize.