Risasi jikoni

Jumatatu, 3 Februari 2025

Katika mzunguko wangu wa nyumba kwa nyumba hapa Timbwani nimepita uani kwa mzee mmoja mvuvi. Alikuwa akiyeyusha risasi ya betri kuukuu ya gari juu ya jiko la makaa, atengeneze machubwi ya mishipi. Wajukuu wamemzunguka, mdogo wao anatambaa mchangani na kutia vidole kinywani. Nimemwamkia, nikamwomba watoto waondolewe.

"Mwanangu, baba yangu akiiyeyusha mbele yangu, na mpaka leo navuta nyavu," akaniambia.

Nimewachukua watoto mwenyewe hadi barazani. Nitarudi kwake na maelezo kamili.

Jumanne, 4 Februari, usiku

Nimefungua daftari langu la mafunzo. Mwili huidhania risasi kuwa kalsiamu, na hapo ndipo balaa linapoanzia. Neva inapotaka kuuamuru msuli ukaze, kalsiamu huingia kwenye ncha ya neva, ndipo kemikali iitwayo asetilikolini imwagike na kuufikia msuli. Risasi huziba njia hizo za kalsiamu. Amri hufika imefifia, au haifiki.

Tena huingia ndani ya seli, ikaharibu mitokondria zinazoipa nguvu, na nyuzi ndefu za neva zikaanza kufa. Mafundi wa rangi na wayeyusha madini wa zamani walijulikana kwa mikono iliyolegea kifundoni: neva inayoinua kiganja imeumia, na msuli usiopata amri hunyauka.

Mtu mzima huumia zaidi neva za mikono na miguu. Mtoto huumia ubongo unaojengwa. Tena mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 zaidi kuliko mkubwa. Sehemu kubwa hukaa mifupani kwa miaka mingi, ikirudi kwenye damu polepole, hata mama anapokuwa mjamzito. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Alhamisi, 6 Februari

Nimevuka feri kwenda kumwona shoga yangu Mikindani, jirani na Owino Uhuru. Pale kiwanda cha kuyeyusha betri kilipakana na nyumba za watu. Moshi ukatua juu ya mabati, maji machafu yakapita vichochoroni, watoto wakaonekana na risasi kwenye damu. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aliacha kazi akapigania wanakijiji. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, naye mwaka 2015 akapata Tuzo ya Goldman ya mazingira.

Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 na udongo usafishwe. Mahakama ya Rufani ikaitengua fidia hiyo mwaka 2023. Desemba iliyopita Mahakama ya Juu ikairejesha. Nimefurahi kwa ajili yao, na moyo unaniuma pia. Dawa huitoa risasi kwenye damu, lakini ubongo ulioumia utotoni haurudishwi na dawa wala hundi.

Jumamosi, 8 Februari

Nimekaa na mzee baada ya alasiri. Nimemweleza kwamba hatari si moshi ule peke yake: vumbi hubaki mchangani, kwenye shati lake, kwenye sufuria. Amesikiliza, kisha akauliza, "Na huyu anayetambaa?" Nikamwambia yeye ndiye wa kwanza kupimwa.

Tumekubaliana. Hatayeyusha tena nyumbani. Atatumia mawe na nati za chuma. Sufuria ile haitapikiwa kamwe. Mchanga wa pale jikoni hautafagiliwa ukiwa mkavu, bali utalowanishwa kwanza. Watoto wanawe mikono kabla ya kula, wapewe maziwa na vidagaa, maana mwili wenye kalsiamu na chuma cha kutosha hufyonza risasi kidogo.

Jumatatu nitaiomba zahanati iwape watoto rufaa ya kipimo cha damu. Nitapita pia kwa wavuvi wengine. Tusingoje mkono ulegee au mtoto ashindwe masomo. Dalili hizo zikionekana, neva zimekwisha kuumia.