Ukoka wa Mara

Basi likishaiacha Lamadi na kulipita lango la Ndabaka, mkono wa kulia unabaki uwanda wa Serengeti na mkono wa kushoto Ghuba ya Speke inajitokeza na kujificha nyuma ya miti. Mbele iko Bunda, imejiegemeza kwenye mlima Balili. Wengi huipita wakiwa na haraka ya kufika Musoma au Sirari. Anayeshuka na kupanda Balili jioni huiona nchi nzima kwa pamoja: ziwa magharibi, mbuga mashariki, na katikati mashamba ya pamba, muhogo na mtama, na mawe makubwa ya matale yaliyopandana kana kwamba yalipangwa kwa mkono.

Mimi ni mpenzi wa gofu, na mpenzi wa gofu huitazama ardhi kwa jicho lake: maji yanakimbilia wapi, upepo unatoka wapi, nyasi gani inaota bila kubembelezwa. Kwa jicho hilo, mkoa wa Mara ni nchi iliyobarikiwa. Una miinuko ya taratibu, mabonde mafupi, miti michache iliyosimama mbali mbali, mawe ya kumlazimisha mchezaji afikiri kabla ya kupiga, na upepo wa ziwa unaobadilika mchana. Mbunifu wa viwanja angelipa pesa nyingi kutengeneza maumbo ambayo hapa yapo tu, na mbuzi wanayapanda.

Ila ardhi hii haifanani kila mahali. Kule Ndabaka udongo ni ule mweusi mzito wa mbuga. Mvua ikinyesha unavimba na kunasa kila kitu, jua likiwaka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Ukitaka kuweka uwanja wa mchezo juu yake, lazima uchimbe mitaro, ulete mchanga, na bado kila masika utarudia kusawazisha. Ukipanda kuelekea Kiabakari na Butiama, unaingia kwenye udongo wa kichanga uliotokana na matale. Huo unanyonya maji upesi, kwa hiyo mchezo unaweza kuendelea muda mfupi baada ya mvua, lakini kwa sababu hiyo hiyo nyasi hupata kiu mapema. Tabu ya Ndabaka ni maji kukaa. Tabu ya Butiama ni maji kuondoka.

Mara imekwisha kuingia katika mazungumzo ya gofu. Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, limekuwa likijenga uwanja wa mashimo 18 eneo la Fort Ikoma, wilayani Serengeti, karibu na ngome ya zamani ya Wajerumani. Nia yake inaeleweka: mtalii aliyekuja kuona nyumbu aongeze siku. Kazi ya kuutunza ndiyo inayonifikirisha. Uwanja wa mashimo 18 huchukua hekta 50 hadi 60, na eneo la kuzunguka kila shimo hukatwa nyasi zake zibaki milimita tatu hadi tano tu, karibu kila siku. Nyasi fupi, changa, iliyonyweshwa maji wakati wa kiangazi, katikati ya nchi kavu: hakuna mnyama mla majani asiyeijua harufu hiyo. Swala atakula, ngiri atafukua, tembo akipita usiku mmoja atayaacha mashimo ambayo hayamo kwenye ramani ya mchezo. Wakulima wa Bunda na Serengeti wanaokesha kulinda mihogo yao dhidi ya tembo wanaielewa shida hiyo kuliko mtaalamu yeyote.

Ziwa letu hili lina wazee wa gofu, na inafaa kuwasikiliza. Klabu ya Entebbe ilianzishwa mwaka 1901, na uwanja wake unateremka kuelekea majini jirani na bustani ya mimea. Jinja, mahali Nile inapoanzia, ilipata sifa kwa kanuni yake ya kumruhusu mchezaji kuuondoa mpira ulioangukia kwenye unyayo wa kiboko. Klabu ya Nyanza, Kisumu, ilikwenda mbali zaidi: mpira ukisimama karibu na kiboko au mamba, mchezaji aangushe mwingine mahali salama bila kuukaribia zaidi shimo, wala asipewe adhabu. Wageni huzisoma kanuni hizo na kucheka. Mtu wa ziwani anaziona kuwa za busara kabisa. Kiboko hutoka usiku kula majani, njia yake haibadiliki, na tani moja na zaidi ya mwili wake ikipita kwenye nyasi laini baada ya mvua haiachi alama ndogo. Waliozitunga waliikubali ardhi kama ilivyo, wakaurekebisha mchezo badala ya kupigana na mnyama.

Ziwa lenyewe nalo si jirani mtulivu. Mwaka 2020 maji yalipanda kupita kiasi kilichozoeleka, na mwaka 2024 yakapanda tena, yakameza fukwe, mialo na nyumba katika nchi zote tatu zinazolizunguka. Uwanja wowote utakaowekwa ufukweni Musoma lazima uache nafasi ya ziwa kupumua.

Nikivitazama viwanja vya Tanzania vilivyodumu, naona kila kimoja kina mlezi. Lugalo, Dar es Salaam, kiko chini ya Jeshi la Wananchi. Mufindi kuna mashamba ya chai, na TPC kule Moshi kuna miwa na kiwanda. Kili Golf, pale Usa River, ni sehemu ya makazi na biashara ya hoteli. Klabu za Dar es Salaam, Arusha, Moshi na Morogoro zinaishi kwa ada za wanachama, nazo zinajua jinsi ilivyo vigumu, maana wanachama wakipungua mashine ya kukatia nyasi ndiyo ya kwanza kukosa vipuri. Mashine hizo huagizwa nje, visu vyake vinahitaji fundi wa kuvinoa kwa usahihi, na pampu ya maji haisubiri kikao cha kamati. Uwanja hufa kwa kukosa mtu wa kuamka alfajiri, mapema sana kabla haujafa kwa ukame.

Musoma imeliona hilo kwenye soka. Biashara United ilicheza Ligi Kuu ikitumia uwanja wa Karume, na msimu wa 2020/21 ikamaliza nafasi ya nne na kupata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mji ulijaa fahari. Timu ilipoteremka daraja mwaka 2022, mapato ya milangoni yaliyokuwa yanasaidia kuulea uwanja yalipungua nayo. Bunda Queens wameibeba bendera kwa upande wa wanawake, na wasichana wale wanastahili nyasi nzuri kama wachezaji wa mji wowote mkubwa.

Sasa tuje kwenye maji, kwa sababu hapo ndipo kila mpango hupimwa. Watu wa Butiama wameishi miaka mingi wakiliona ziwa kwa mbali na kuteka maji kwa shida. Mradi wa Mugango–Kiabakari–Butiama, unaogharamiwa na serikali pamoja na benki ya BADEA na Mfuko wa Maendeleo wa Saudia, unayavuta maji kutoka Mugango na kuyapandisha hadi huko juu. Maji ya namna hiyo, yaliyosafishwa na kusukumwa kwa umeme, ni ya kunywa, ya zahanati na ya shule. Kuyamwaga kwenye kiwanja cha gofu lingekuwa kosa, tena kosa la kufanyika nyumbani kwa Mwalimu Nyerere mwenyewe! Kiwanja chochote cha gofu cha Mara kitanyweshwa maji ya mvua yaliyokingwa bwawani, au hakitanyweshwa.

Na inawezekana, kwa sababu ya ukoka. Nyasi hii inayotambaa pembeni mwa kila njia kutoka Bunda hadi Makoko, inayokanyagwa na ng'ombe na kuchipua tena baada ya mvua ya kwanza, ni ukoo mmoja na nyasi zinazouzwa ghali duniani kwa ajili ya gofu. Tifway, iliyotolewa mwaka 1960 huko Tifton, Georgia, nchini Marekani, ni chotara wa ukoka na ndugu yake wa kusini mwa Afrika. Tunaagiza kwa dola mjukuu wa nyasi iliyoota uani kwetu. Ukoka wa kienyeji hautakuwa laini kama zulia, na Agosti utageuka rangi ya chai ya maziwa, lakini mizizi yake haifi.

Butiama nilikaa zaidi ya nilivyokusudia. Mwitongo ni mahali pa kutembea polepole: kaburi la Mwalimu, makumbusho yenye jina lake, mawe ambayo pimbi huota jua juu yake, na msitu wa Muhunda ambao Wazanaki wameuheshimu kwa vizazi vingi. Msitu ule umesimama hadi leo kwa sababu watu walikubaliana kuutunza, wala hakuna mashine iliyohusika. Karibu na hapo kipo Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere. Nilipokifikiria chuo hicho, nilijua mlezi ninayemtafuta yuko wapi.

Musoma yenyewe iliniteka mapema. Ni mji uliochomoza ndani ya ziwa kama kidole, kiasi kwamba ukichoka na maji ya upande mmoja unavuka mitaa michache kuyakuta ya upande mwingine. Asubuhi dagaa wanaanikwa, wavuvi wanarudi, watoto wa shule wanapita kuelekea Mwisenge, shule aliyoingia Nyerere mwaka 1934. Hapa hapa, mwaka 1974, TANU ilipitisha Azimio la Musoma na kuharakisha elimu ya msingi kwa kila mtoto. Jioni, kwenye mawe ya ufukweni, sato wa kukaanga na ugali wa muhogo unaonata vidoleni, upepo unakuja moja kwa moja kutoka Ukerewe. Sijaona mji wa ziwa unaokaribisha kwa utulivu namna hii.

Wapo watakaosema gofu ni mchezo wa mabwana na haufai kupelekwa kwa Mwalimu. Nawajibu kwamba wachezaji wengi hodari wa nchi hii walianza wakiwa watoto wa kubeba mikoba ya wengine, wakajifunza kwa kutazama. Ubwana uko kwenye geti na ada. Nyasi haimjui tajiri.

Ombi langu ni kwa uongozi wa chuo cha Butiama na halmashauri za Bunda, Butiama na Musoma. Tengeni hekta chache za majaribio kwenye ardhi ya chuo, isiyo malisho wala shamba la mtu. Pandeni ukoka wa Bunda, wa Butiama na wa Musoma kwa mistari, kingeni mvua bwawani, na wafundisheni vijana kukata, kunoa na kurekebisha udongo. Matokeo yapelekwe kwanza Karume na kwenye viwanja vya shule za msingi, kisha mashimo tisa yafuate. Mvua za vuli huanza Oktoba. Mbegu na pingili zikiwa tayari Septemba, kazi inaweza kuanza mwaka huu.